Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu: rangi isibebe jibu peke yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Kwa Kamishna wa Elimu. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Na kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mama wa mtoto wa kiume wa darasa la tatu ambaye macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, na nikiwa pia mwalimu wa shule ya msingi ninayefundisha watoto wa rika lake. Ombi langu ni moja: katika vitabu, zana za kufundishia na mitihani ya nchi hii, rangi isiachwe peke yake ibebe jambo ambalo mtoto anatakiwa kulisoma, kulijibu au kupimwa nalo. Mengine nitakayoyaeleza, yakiwemo ya upimaji wa macho na ya mafunzo ya walimu, yanatokana na ombi hilo, na nimeona niyaeleze kwa kirefu kwa sababu hali hii haionekani kwa nje, na kwa muda mrefu imekuwa ikidhaniwa kuwa ni uzito wa kuelewa au ni uzembe wa mtoto.

Upofu wa rangi, kama wengi wetu tunavyouita, haumfanyi mtu kuwa kipofu. Mwanangu anaona mbali, anasoma maandishi madogo, anadaka mpira, na rangi kama bluu na njano humjia waziwazi. Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna aina tatu za chembe zinazotuwezesha kutambua rangi, na kwa wengi wenye hali hii aina moja kati ya zile mbili zinazotusaidia kutenganisha nyekundu na kijani ama haipo ama haifanyi kazi kama inavyopasa. Kwa hiyo nyekundu, kijani, kahawia na rangi ya chungwa husogeleana mpaka zikafanana. Zambarau huonekana kuwa bluu, kwa kuwa ule wekundu unaoitofautisha hauonekani. Na waridi hafifu huweza kudhaniwa kuwa kijivu. Hali ya kuzaliwa nayo haiumi, haizidi kadiri mtoto anavyokua, na haina dawa. Mtu ambaye rangi zimeanza kumbadilikia ghafla, au zinambadilikia katika jicho moja tu, anaweza kuwa na ugonjwa na anapaswa kuwahi hospitali. Habari zake si za barua hii.

Asili ya hali hii ni urithi unaopita katika kromosomu ya X, mojawapo ya nyuzi ndogo za mwilini zinazobeba vinasaba. Mtoto wa kiume ana X moja, aliyoipata kwa mama yake, na ikiwa hiyo ina kasoro hana nyingine ya kumsaidia; mtoto wa kike ana mbili, na kwa kawaida ile iliyo nzima humtosha. Ndiyo maana hali hii hutoka kwa babu ikamfikia mjukuu kupitia kwa binti ambaye mwenyewe anaona rangi zote. Kwetu imepita njia hiyohiyo. Baba yangu amelima kahawa maisha yake yote kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na msimu ulipofika hakuwa mchumaji. Alibeba, alimenya kwa mashine na kuanika, kwa kuwa kahawa mbivu nyekundu na kahawa mbichi ya kijani machoni pake zilikuwa za namna moja, na ili kuzitambua ilimlazimu kuzibonyeza moja moja kwa vidole. Hakupata kusoma popote kwamba hali yake ina jina. Nalitaja hili la urithi kwa sababu nyingine pia: katika baadhi ya familia, mama akishaambiwa kwamba jambo limepitia kwake, huanza kulaumiwa, na wapo wanaotafuta aliyemroga mtoto. Hakuna aliyekosa. Daktari au mwalimu anayetoa habari hii kwa wazazi anapaswa kuwaeleza hivyo waziwazi, tena wote wawili wakiwa wamekaa pamoja.

Kuhusu wingi wao, inajulikana kwamba miongoni mwa watu wenye asili ya Ulaya Kaskazini, mwanamume mmoja hivi kati ya 12 na mwanamke mmoja hivi kati ya 200 wana upofu wa rangi nyekundu na kijani. Kwa watu wa Afrika viwango vilivyopatikana ni vya chini kuliko hivyo. Hata hivyo, tukikadiria kwa tahadhari kubwa kwamba ni wavulana wawili tu katika kila 100, shule ya msingi yenye wavulana 500 itakuwa na watoto 10 wa namna hii, na pengine hakuna mwalimu hata mmoja anayewajua. Wasichana nao wamo, ingawa ni wachache, na huenda wakasahaulika zaidi kwa sababu watu wakishasikia kwamba hili ni jambo la wavulana hawaangalii tena upande wa pili.

Swali ambalo wazazi na walimu wenzangu huniuliza kwanza ni hili: inawezekanaje mtoto huyo asitambulike, ilhali kila darasa la awali linafundisha rangi? Inawezekana kwa sababu mtoto hujifunza majina ya rangi kwa masikio kama anavyojifunza kwa macho. Anasikia kwamba majani ni ya kijani, damu ni nyekundu, anga ni bluu. Anakariri, na akiulizwa rangi ya jani anajibu sawasawa bila kuhitaji kulitazama. Akipewa kalamu za rangi zenye majina, anasoma jina. Akipewa zisizo na majina, anamchungulia jirani yake, au anamwomba rafiki amchagulie, au anasema amechoka na hapendi kuchora. Watoto hawa huwa hodari wa kuficha, nao hawafichi kwa hila. Wanafanya hivyo kwa sababu hawajui kwamba wenzao wanaona kitu kingine. Mtoto hana jicho la kuazima ili alinganishe. Anachojua ni kwamba wenzake wanajibu haraka jambo ambalo kwake ni la kubahatisha, na kwamba akikosea darasa linacheka, na baada ya muda anahitimisha mwenyewe kwamba yeye ni mjinga.

Dalili zipo kwa anayezitafuta. Mtoto anachora mti wenye majani ya kahawia na shina la kijani, na hashangai. Anapaka bendera yetu rangi, na mahali pa kijani panakuwa na rangi ya chungwa. Anachukua sweta ya mwenzake ya damu ya mzee akidhani ni yake ya kijani iliyokoza. Anashindwa kuona pilipili nyekundu au nyanya iliyoiva kwenye majani mpaka aifikie karibu. Uwanjani anampa pasi mtu wa timu pinzani wakati timu moja imevaa vizibao vyekundu na nyingine vya kijani, na Simba na Yanga wanapokutana anawatambua wachezaji kwa weupe na kwa njano iliyo kwenye jezi, au kwa kukariri ni nani anacheza upande gani. Jambo moja kati ya hayo linaweza kuwa la bahati mbaya. Yakikutana matatu kwa mtoto mmoja, mwalimu anapaswa kusimama na kujiuliza.

Darasani kwenyewe, rangi tumeipa kazi nyingi kuliko tunavyodhani. Tunafundisha kuhesabu na kupanga kwa vizibo vya soda: weka vyekundu huku na vya kijani kule, kisha toa jumla. Mtoto anayejua kujumlisha vizuri kabisa atatoa jibu lisilo sahihi kwa sababu amevipanga vibaya kabla ya kuanza kujumlisha, nasi tutamwandikia kosa la Hisabati. Tunaandika kwa chaki nyekundu kwenye ubao wa kijani ili neno muhimu lionekane zaidi, na kwake neno hilo ndilo linalopotea. Tunasahihisha kwa kalamu nyekundu juu ya maandishi meusi, bila kujua kwamba kwa baadhi ya watoto hawa wekundu huonekana umefifia kuwa weusi, hivyo hawaoni upesi ni wapi mwalimu ameandika na ni wapi wameandika wao. Tunabandika ukutani chati ya matunda na kuuliza lipi limeiva. Katika somo la Jiografia na Mazingira, ramani inayoonesha nyanda za chini kwa kijani na nyanda za juu kwa kahawia humwonesha mtoto huyu nchi tambarare kutoka Tanga hadi Kigoma. Chati duara yenye vipande vya nyekundu, kijani, chungwa na kahawia, pamoja na ufunguo wake pembeni, kwake ni duara lisilo na majibu.

Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachohitaji fedha nyingi kurekebishwa. Kipande cha chati kinaweza kuandikwa jina lake ndani yake. Nyanda za juu zinaweza kutiwa mistari, na namba za mwinuko zikaandikwa. Vizibo vinaweza kutofautishwa kwa kuandikwa herufi, au vikabadilishwa kuwa vizibo na mawe. Chaki nyeupe na ya njano zinatosha, na neno muhimu likapigiwa mstari. Kalamu za rangi zinaweza kubandikwa majina, jambo ambalo linamsaidia kila mtoto anayejifunza kusoma na halimtengi yeyote.

Hapa ndipo ninapowaelekea ninyi wa Taasisi ya Elimu Tanzania. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, na vitabu vyake vinaendelea kuandikwa, kuchapwa na kuwekwa katika maktaba mtandao yenu ambako walimu na wazazi wanavipata bila malipo. Mnajua vizuri, kama ninavyojua mimi, yanayotokea baada ya hapo: shule nyingi na wazazi wengi huvipeleka steshenari vikatolewa kurasa kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu ndiyo bei wanayoimudu. Basi naomba kila ukurasa wa kiada upitishwe katika jaribio hilohilo kabla haujaidhinishwa. Ukurasa utolewe fotokopi ya kawaida isiyo na rangi, apewe mtu ambaye hajauona ukurasa wenyewe, aulizwe maswali yaliyomo. Kama hawezi kujibu, ukurasa urudi kwa mchoraji. Jaribio hili ni kali kuliko mahitaji ya mwanangu, kwa kuwa yeye baadhi ya rangi anaziona, lakini kitabu kitakachofaulu kitamfaa yeye, kitamfaa mtoto wa kule wilayani Nkasi anayesoma fotokopi ya fotokopi, na hakitapunguza uzuri wake kwa anayekisoma kikiwa na rangi zote.

Kwa wachoraji wenu kuna msaada zaidi. Wanasayansi wawili wa Japani, Masataka Okabe na Kei Ito, ambao wenyewe wana upofu wa rangi, walitengeneza seti ya rangi nane ambazo watu wa macho ya kawaida na watu kama wao wote wanaweza kuzitenganisha, na seti hiyo leo inatumika katika machapisho ya kisayansi duniani. Mbunifu wa Kireno, Miguel Neiva, alibuni alama ndogo zinazoitwa ColorADD, ambazo huwekwa juu ya kitu ili kuonesha rangi yake, na zimeingizwa hata kwenye karata za mchezo wa UNO. Tukiyachunguza mazingira yetu tutaona kwamba kanuni hii si ngeni hata hapa nyumbani. Waya wa ardhi katika nyaya za umeme una mistari ya kijani na njano ili usichanganywe na mwingine hata na asiyeona kijani; na taa za barabarani huweka nyekundu juu na kijani chini, hivyo dereva anaweza kusoma mahali taa ilipo hata kama rangi yenyewe haimwelekei. Fundi umeme na dereva wamekwisha kufikiriwa. Mtoto wa darasa la pili bado.

Nije sasa kwenye jambo linalonipa hofu kubwa zaidi, ambalo liko mbele ya mwanangu na tayari limewafika wengine: maabara na mitihani ya sekondari. Katika Kemia, mwanafunzi hupima asidi na besi kwa titresheni, yaani kwa kudondoshea kimiminika kimoja ndani ya kingine mpaka rangi ibadilike, na kiashiria kinachozoeleka, methili orenji, hubadilika kutoka njano kwenda rangi ya chungwa na nyekundu; kingine, fenolftalini, hutoka kutokuwa na rangi na kuingia waridi hafifu kabisa. Hayo ni mabadiliko mawili ambayo kwa jicho kama la mwanangu ni magumu kuliko karibu mengine yote. Katika kutambua chumvi, mashapo (chembe ngumu zinazojitokeza ndani ya mmumunyo) ya kijani kichafu huashiria chuma (II) na ya kahawia nyekundu huashiria chuma (III), na alama zote za swali hukaa katika tofauti hiyo. Katika jaribio la mwali, shaba hutoa kijani na kalsiamu nyekundu ya tofali. Katika Biolojia, mmumunyo wa Benedict hutoka bluu ukapita kijani, njano na chungwa mpaka nyekundu ya tofali kulingana na kiasi cha sukari, na mwanafunzi anatakiwa aandike alichokiona. Katika Fizikia, thamani ya kizuizi cha umeme husomwa kwa mikanda ya rangi iliyopakwa juu yake, ambayo ni pamoja na kahawia, nyekundu, chungwa na kijani.

Naomba tujiulize ni nini hasa kinachopimwa hapo. Mtihani wa Kemia unataka kujua kama mtahiniwa ameweza kutumia bureti, ule mrija wenye vipimo wa kudondoshea, kwa uangalifu, kama anajua kwamba mashapo ya rangi fulani yanaashiria madini fulani, na kama anaweza kufuata hoja kutoka kwenye alichokiona hadi kwenye jina la chumvi. Hautaki kujua kama retina yake ina aina tatu za chembe au mbili. Mtahiniwa anayejua yote hayo na akakosa alama kwa kuandika kahawia mahali pa kijani amepimwa jambo ambalo halimo katika muhtasari wa somo.

Baraza la Mitihani limeonesha kwa miaka mingi kwamba linaweza kulitenganisha somo na mwili wa mtahiniwa. Wasioona huandaliwa mitihani kwa nukta nundu, na wenye uoni hafifu huandaliwa maandishi makubwa. Ninachoomba ni upanuzi mdogo wa utaratibu huohuo. Nchini Uingereza, kanuni za pamoja za bodi za mitihani zinamruhusu msimamizi amtajie mtahiniwa mwenye upofu wa rangi jina la rangi iliyo mbele yake, jina tu, bila maelezo. Hapa kwetu fundi sanifu wa maabara anaweza kupewa kazi hiyo, akaandika katika karatasi rasmi kila rangi aliyoitaja, ili asiwepo wa kusema kwamba mtahiniwa amepewa majibu. Aidha, viashiria vinaweza kuchaguliwa kwa busara: bromothaimoli bluu, inayotoka njano kwenda bluu, inafaa katika titresheni ya asidi kali na besi kali, na thimolftalini, inayotoka kutokuwa na rangi kwenda bluu, inaweza kushika nafasi ya fenolftalini katika kazi nyingi za shuleni. Bluu na njano ni rangi ambazo watoto hawa wanaziona. Ningependa Baraza na walimu wa Kemia wakae pamoja walitazame hili kabla ya kuandaa maelekezo ya vitendo ya mwaka unaofuata.

Wapo watakaosema kwamba mwenye macho ya namna hii asisome Kemia kabisa, na jawabu lao limo ndani ya muhtasari wa Kemia wenyewe. Kila mwanafunzi wa sekondari hufundishwa nadharia ya atomu ya John Dalton. Dalton huyo alikuwa na upofu wa rangi, na mwaka 1794 aliwasomea wasomi wenzake mjini Manchester maelezo ya jinsi yeye mwenyewe alivyoziona rangi, ambayo ni miongoni mwa maelezo ya kwanza ya kisayansi kuhusu hali hii. Alidhani kwamba ute ulio ndani ya macho yake ulikuwa na rangi ya bluu, na akataka yachunguzwe akifa. Alifariki mwaka 1844. Ute ukaonekana hauna rangi hiyo, na mabaki ya macho yalihifadhiwa mpaka mwaka 1995, wanasayansi walipopima vinasaba vyake na kukuta kwamba alikosa zile chembe zinazohusika na kijani. Naomba walimu wa Kemia wawasimulie wanafunzi wao habari hii siku wanayofundisha atomu, kwani huenda darasani yumo anayehitaji kuisikia.

Nimetaja upimaji, na hapa nina tahadhari ambayo naiona ni nzito kuliko ombi lenyewe. Chombo kinachojulikana zaidi ni kitabu cha kurasa zenye vitone vya rangi ambacho daktari wa Kijapani, Shinobu Ishihara, alikitoa mwaka 1917. Anayeona rangi zote husoma namba iliyofichwa katika vitone, na mwenye upofu wa rangi huiona namba nyingine au haioni kabisa. Kwa mtoto asiyejua namba kuna kurasa zenye njia ya kufuata kwa kidole au kwa kijiti. Kipimo ni cha dakika chache, na kitabu kimoja kinaweza kuzungushwa katika shule nyingi za wilaya. Hata hivyo, Japani iliyotupatia chombo hicho inatufundisha pia jinsi ya kutokitumia. Huko watoto walipimwa mashuleni kwa miongo mingi, na majibu yakatumika kuwafungia milango ya vyuo na kazi, hata zile ambazo rangi haikuhusika nazo. Ilipofika mwaka 2003 kipimo kiliondolewa katika orodha ya vipimo vya lazima vya shule. Baada ya hapo likazuka tatizo la pili: vijana wakawa wanagundua hali yao siku ya kuomba kazi, wakiwa wamekwisha kusoma miaka yote kwa ajili ya kazi hiyo, na mwaka 2014 wizara yao ya elimu ikazihimiza shule kuwapima tena wale wanaotaka, kwa ridhaa ya wazazi.

Sisi hatuna sababu ya kupitia makosa hayo mawili. Mtoto apimwe anapoingia darasa la kwanza, mzazi akiwa amekubali. Apimwe peke yake, mbali na foleni ya wenzake. Jibu apewe mzazi na mwalimu wa darasa. Na karatasi hiyo itumike kumsaidia, isitumike kumzuia. Kisha, kabla hajachagua masomo ya sekondari au fani ya ufundi, akae na mtu anayejua aelezwe ukweli wote: kwamba zipo kazi chache, kama vile urubani na udereva wa treni, ambako macho hupimwa kwa ukali kwa ajili ya usalama wa watu, na kwamba udaktari, uhandisi, uanasheria, ualimu, kilimo, biashara na utengenezaji wa programu za kompyuta viko wazi kwake. Ni afadhali kijana ajue akiwa na miaka 13 kuliko kukataliwa mlangoni akiwa na miaka 22.

Kwa upande wa nyumbani siwadai lolote, ila naomba mtusaidie kuwafikia wazazi. Mzazi anahitaji kuambiwa mambo machache tu: asimjaribu mtoto mbele ya wageni kwa kumwuliza «hii rangi gani?», amfundishe kuuliza bila aibu, ampangie nguo kwa mahali zinapokaa, amweleze kwa maneno kama nyama imeiva au kama ndizi bado ni mbichi, na asitumie fedha kununua miwani inayotangazwa mitandaoni kuwa inatibu hali hii, kwa sababu miwani hiyo hubadilisha utofauti wa baadhi ya rangi na haiwezi kumpa mtoto chembe ambazo hakuzaliwa nazo. Simu za mkononi zina programu zinazotaja rangi ya kitu kilicho mbele ya kamera, na kwa kijana mkubwa hizo zina faida.

La mwisho ni la walimu wenzangu. Katika vyuo vya ualimu tunafundishwa kuhusu wanafunzi wasioona, wenye uoni hafifu, viziwi na wenye ulemavu wa akili, na ni vyema iwe hivyo. Mtoto mwenye upofu wa rangi hakai katika kundi lolote kati ya hayo, na kwa sababu haombi fimbo nyeupe wala maandishi makubwa, hapati nafasi katika somo. Saa mbili za mafunzo zingetosha: saa moja ya kueleza hali, na saa nyingine ya kumpa mwalimu mwanafunzi ukurasa uliochapwa jinsi watoto hawa wanavyouona, afanye zoezi lililomo humo. Katika kikao kimoja cha wazazi nilisikia habari za mtoto aliyechapwa kwa kurudia kupaka majani rangi ya kahawia, mwalimu akiamini kwamba anafanyiwa kiburi. Sina shaka kwamba mwalimu huyo angejua asingeinua mkono. Ninyi ndio mnaoweza kuhakikisha kwamba anayefuata anajua.

Niko tayari, pamoja na wazazi wengine wenye watoto wa namna hii, kufika Dodoma au Dar es Salaam kwa nauli zetu wenyewe, tukiwa na vitabu vya awali na vya darasa la kwanza hadi la tatu ambavyo tumeweka alama kwenye kila ukurasa unaowashinda watoto wetu, ili waandishi na wachoraji wa vitabu waziangalie kurasa hizo pamoja nasi kabla ya toleo linalofuata kwenda kiwandani. Tunasubiri kupangiwa siku.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mama na mwalimu wa shule ya msingi,
Moshi, Kilimanjaro.